Mume Wangu Amekataa Sakafu ya Gari Ishushwe

Bi Latifah,

Nilianza kukusoma kwa sababu ya gazeti la kufungia nyama, nikawa nachelewesha wateja nikimalizia ukurasa wako, na leo ni zamu yangu kukulilia, nisaidie kabla ya Jumatatu kwa sababu Jumatatu fundi anawasha mashine.

Nina bucha hapa Runyenjes. Nilianza na karai la matumbo kando ya soko, wanaume wa bucha wakinicheka, leo wawili kati yao wananunua mifupa kwangu, kwa hivyo usidhani nimezoea kubebwa. Miaka miwili iliyopita nilijinunulia kagari kadogo ka michezo, ka siti mbili tu, nikajiunga na klabu ya mbio za magari, mimi nikiendesha na mume wangu Mugendi akiwa mwelekezi, ananisomea kona kutoka kwa karatasi, "kushoto kali, usikate, usikate," na sauti yake ikiwa masikioni mwangu mimi sijui kuogopa, na nikwambie ukweli, hakuna mahali tumewahi kuelewana kama ndani ya hako kagari, hata nyumbani hatuongei hivyo.

Shida ni urefu. Mimi ni mfupi, Mugendi ni mrefu kama mti wa stima. Klabu sasa inataka siti za mbio, zile za kukumbatia mwili, na inataka kila kofia iwe chini ya mabomba ya chuma ya paa kwa sentimita tano. Mimi nikikaa nabaki na kumi na moja. Mugendi asipoinamisha shingo kofia inapita bomba kwa mbili, ongeza tano, anahitaji kushuka saba. Fundi Idrisi wa Embu mjini akasema kazi ni rahisi, anakata sakafu upande wa Mugendi, anachomelea kama karai la bamba linaloning'inia chini sentimita saba, siti inakaa humo ndani, na kwa kuwa kati ya sakafu na ardhi kuna kumi na tatu, itatosha.

Basi nikamsimamisha Mugendi pale gereji tukampima, kisha akaketishwa akapimwa tena kutoka makalio mpaka utosi, mafundi wengine wakaacha kazi wakaja kutazama. Mmoja akasema, "Mzee, sasa mama atakuwa anakuendesha umekalishwa kwenye karai." Mwingine akadakia, "Na yeye atakuwa anauliza, 'Mama, tumefika?'" Tulicheka sana, na mimi nilicheka. Mugendi hakucheka.

"Idrisi, kata pande zote mbili ama usikate kabisa," akasema. "Siwezi kuketi chini ya mke wangu mchana watu wakiona."

"Baba Regina," nikamwambia, "ukinishusha mimi saba, nitakuwa naangalia barabara kupitia katikati ya usukani."

"Basi usikate." Akatoka.

Najua hiyo inatoka wapi. Kwao Manyatta baba mkwe ana kigoda chake cha miguu mitatu, hata akiwa shambani hakuna anayethubutu kukikalia, sisi wake wa boma tunakaa kwa viti vifupi tukimenya ndizi, na sijawahi kulalamika, mimi mtu wa Meru nimeheshimu. Lakini gari si boma! Hii ni hesabu tu.

Tena tangu mbio za Ishiara amekuwa mtu wa kununa. Huko jiwe liligonga sakafu chini ya miguu yake, bamba likainuka kama limepigwa ngumi kutoka ardhini, tukamaliza wa tatu na yeye hata hakushangilia, akashuka akatembea peke yake mpaka kwenye hema. Siku hizi akienda Embu anapanda bodaboda, eti gari linamkunja magoti, na limemkunja miaka miwili bila kesi.

Sasa Jumatatu anaenda kwao kwa matanga, na nimepanga na Idrisi akate Mugendi akiwa huko, akirudi akute rangi imekauka. Akikataa kukaa, nitamchukua binamu yangu Mithika kutoka Nkubu. Dada yangu Ann anasema navunja ndoa kwa ajili ya bamba. Bi Latifah, kosa langu ni lipi? Gari ni langu, hesabu ni sawa, na mwanamume ananinyima mbio kwa sababu ya sentimita saba. Majina yetu uyaandike tu, huku gari letu kila mtu analijua.

Gatwiri

BI LATIFAH ANAJIBU

Gatwiri (nakuita hivyo tu, majina yote nimebadilisha, na soko pia), uliniruhusu kumwanika mumeo gazetini bila kumuuliza. Kabla hujasoma mbele, tulia hapo kidogo.

Kutoka karai la matumbo mpaka usukani wa gari la mbio si mchezo, nakuvulia kofia. Lakini ulimsimamisha mume wako mbele ya gereji nzima kama paja la ng'ombe kwenye ndoano, ukaruhusu watu wamcheke, ukacheka nao, halafu unashangaa amenuna.

Sasa hesabu yako. Kumi na tatu toa saba ni sita. Hiyo ni gari likiwa tupu. Mkiingia nyinyi wawili na petroli, inabaki nne, labda tatu. Jiwe la Ishiara lilikuwa na urefu gani? Na ndani ya hilo karai linaloburutwa karibu na mawe, ni makalio ya nani?

Mumeo anaogopa. Sina hakika, simjui, lakini barua yako inasema hivyo mara tatu: alishuka akatembea peke yake, hakushangilia, na sasa mtu mrefu anachagua bodaboda. Angesemaje "naogopa" wakati mafundi wanacheka? Alichukua neno lililokuwa karibu, la mke na mume na nani akae juu, kwa sababu hilo wanaume wote pale wangelielewa. Wewe ukakimbilia kigoda cha baba mkwe. Mzee wa watu hata hajaingia gereji!

Na ile "kata pande zote mbili" uliisikia kama kiburi. Mimi naisikia hivi: kama ni kukaribia mawe, tukaribie wote wawili. Hilo si neno la mtu anayekunyima kitu.

Mpigie Idrisi leo, si Jumatatu, umwambie asiguse. Gari ni lako, sawa, lakini mwili utakaokaa humo si wako. Kisha ongea na Mugendi kabla hajaenda matangani, nyumbani, mkiwa wawili, kwa Kiembu, si kwa lugha ya gereji. Muulize jiwe lile lilimfanya nini, halafu unyamaze. Akijibu, usimrudishie sentimita. Na yale uliyoniandikia mimi, kwamba sauti yake ikiwa masikioni mwako hujui kuogopa, nina uhakika hajawahi kuyasikia. Mwambie yeye.

Akisema bado anataka mbio, nimemuuliza fundi mmoja ninayemwamini. Anasema mngeanza kwa kutoa zile reli za kusogezea siti na kuifunga moja kwa moja kwenye vishikio vya sakafuni, hapo mnapata kama nne. Siti yenye mto mwembamba na mgongo uliolazwa kidogo inaweza kuleta zilizobaki. Mkaguzi wa klabu aone kabla, si baada. Zikikosekana kabisa na mkalazimika kukata, ule mhimili unaokatiza sakafu usiguswe, bamba nene liwekwe chini, na gari hilo libaki la lami. Changarawe za Ishiara mziage.

Akisema hataki tena, kubali siku hiyohiyo. Mithika mweleze habari ya jiwe kabla hajafunga mkanda. Na Mugendi akija kutazama mbio, mwache asimame na watu wengine kwenye hema, na mtu yeyote akimuuliza mbona hayuko ndani ya gari, mjibu wewe, umwambie ndivyo mlivyoamua.