Filamu Zisizo na Baluku

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku Doha kwenye joto. Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni ya kufulia mashuka ya hoteli. Goti lako linaendeleaje? Na kahawa, imeiva au mvua imeiangusha? Mama bado anauza karanga pale mlangoni mwa kibanda cha filamu, au naye amejifungia nyumbani kama wewe? Nijibu hayo kwanza, kabla hujakasirishwa na yanayofuata.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huongeleki. Nikitaja kibanda unasema mtandao mbaya. Nikimtaja kaka Baluku, mtandao unakatika kabisa. Barua hii inaletwa na dada mmoja wa Nyakiyumbu anayekuja likizo, na nimemwambia asiondoke hapo mpaka uifungue. Nimeiandika kwa Kiswahili maana ndiyo lugha uliyowatafsiria watu filamu pale Bwera, Wakonzo na Wakongo wa sokoni pamoja.

Ijumaa moja hapa hosteli tulionyeshwa filamu mpya ya wale watu wa angani, ile ya mwisho kabisa. Ilipoisha, chakula kilipoa kwa ubishi. Wekesa, Mkenya anayeendesha basi letu, alisema hizi za baadaye ni taa na kelele tu, mtu akifa leo kesho unamwona anakunywa chai. Neema, Mtanzania ninayepiga naye pasi, akasema zile za mwanzo zilikwenda polepole kama foleni ya hospitali, na hizi za sasa angalau wanawake nao wanarusha vyombo vya angani. Wakanigeukia mimi niamue. Nikasema kosa ni moja tu: tangu filamu ya nne wamemsahau Baluku.

Wakauliza Baluku ndiye nani. Nikasema ni kaka mkubwa wa Bwambale. Na Bwambale ni nani? Yule rubani, nikasema, mnabishana muda wote huu juu ya mtu msiyemjua jina? Nikawaeleza taratibu kama watoto wa shule: kwetu mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili ni Bwambale, kwa hiyo rubani akiitwa Bwambale lazima ana mkubwa wake mahali, na huyo ndiye anayemtafuta tangu filamu ya kwanza. Neema alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

Sikukubali kushindwa. Wekesa akaniletea zile za mwanzo kwenye simu yake, nikazitazama kwa Kiingereza, nikiwa na hakika nitamwaibisha. Baba, Baluku hayumo. Rubani ana jina lingine kabisa, na ni mtoto wa pekee. Ile sayari nyeupe si ziwa letu la Katwe, hakuna anayechimba chumvi kule, wazee wetu walibishana bure. Na unakumbuka pale anaposimama kwenye mlango wa chombo anatazama giza? Wewe ulisema taratibu, "Kaka yangu Baluku, mama amekuwekea chakula," na hata wanaume wa boda wakapangusa macho. Kumbe pale anaiambia mashine ifunge mlango. Basi, hakuna zaidi.

Nilicheka kwanza. Halafu nikakumbuka hizo filamu zilianza kuonyeshwa Bwera lini. Ni msimu uleule baada ya kaka kuvuka mpaka pale Mpondwe kwenda kununua mawese upande wa Beni, kule Kongo, akasema atarudi siku ya soko. Hatukumpokea, na hatukumzika. Wewe nyumbani hukusema neno, tukadhani moyo wako umekuwa mgumu. Kumbe ulikuwa unasema kila Jumamosi mbele ya watu wote, na sisi wanao tumekaa benchi la mbele tunatafuna karanga. Naumia sana, baba. Laiti tungesikia tulichokuwa tunaambiwa, usingebaki peke yako nacho.

Mdogo wangu Biira amenisimulia ya filamu ya nne, ambayo wewe umekataa kuniambia. Anasema watu walichoka kusubiri, wakaanza kugonga mabenchi na kukuuliza, "Baluku iko wapi?" Mmoja akasema filamu zimeharibika. Mwingine akasema filamu iko muzuri, ni mutu ya kutafsiri ndiyo amechoka. Ukanyamaza, wakadhani umeme wa maikrofoni umekatika. Ndipo mama aliposimama na beseni lake la karanga.

"Mumuache," akawaambia. "Hata yeye hajui."

Tangu siku hiyo hujaishika maikrofoni. Mwenye kibanda amemleta mtafsiri mwingine kutoka Kasese mjini, anayesema neno kwa neno kilichosemwa, na watu wanasinzia.

Sasa nisikilize. Filamu ya mwisho itafika huko, Biira anasema tayari imetangazwa. Mimi nimeiona. Karibu na mwisho chombo kimoja kilichotobolewa kinatua, anashuka mwanamume mwenye ndevu, amekonda, hasemi ametoka wapi. Anaomba maji. Rubani anampa, wanatazamana, imekwisha. Ni mpita njia tu, hakupewa hata jina. Lakini mimi nawajua watu wa Bwera. Akitokeza tu watasimama wote wamwite Baluku, na yule wa Kasese hataweza kuwanyamazisha, maana si yeye aliyewapa Baluku. Na mama atakuwa pale mlangoni. Watu husema asiyekuwapo na lake halipo, lakini kwa mama la Baluku lipo kila jioni, kwenye sahani iliyofunikwa. Biira ameniambia hajaacha.

Ndiyo maana nakuomba urudi kwenye maikrofoni, siku hiyo moja. Najua utashawishika kumwita Baluku. Mimi mwenyewe nilipomwona yule mtu akinywa maji nilitaka awe yeye. Usimpe jina hilo, baba. Mama asije akasikia mwanawe amerudi, halafu akafika nyumbani akakuta sahani iko vilevile.

Msalimie Biira mdogo wangu, mwambie asante kwa habari. Msalimie ndugu yetu Bwambale, mwambie nimesikia amekuwa rubani, asijivune, boda yake aiendeshe polepole. Shangazi wa Kitswamba mwambie maombi yake yananifikia huku. Majirani wote wanaouliza habari zangu, waambie nakula na nalala.

Na siku hiyo watu wakianza kelele, wakisema ndiye huyu, ndiye huyu, waambie kwa sauti yako ileile kwamba siye. Wakikuuliza basi Baluku iko wapi, wajibu bado. Watasema filamu za mwisho zimeharibika, waache waseme. Kisha weka maikrofoni chini, nenda ukakae na mama pale mlangoni mpaka watu waishe.

Ni mimi binti yako,
Masika