Mkanda Ulionifichia kwenye Mfuko Mwekundu

Mzee Ntandu,

Shikamoo. Naiandika hata kama najua marahaba yako haitakuja. Miaka minane nilianza kila asubuhi na shikamoo yako kabla sijawasha hata taa ya chumba cha kompyuta, na siwezi leo kuanza barua kama mtu asiyefundishwa kwao.

Mwaka umeshapita tangu tukuzike Ihanja. Mama Zuhura wako hajambo. Jumamosi iliyopita nilimpelekea dagaa, akanikaripia kwamba nimekonda, halafu akanijazia kikapu cha viazi na kuku mmoja mkorofi aliyenidonoa njia nzima hadi Utemini. Cherehani yake bado iko pale pale dirishani. Nilimwambia kuna jambo lako nataka kumsimulia, lakini nikaona nikuandikie wewe kwanza, maana ni wewe mwenye deni la kunieleza.

Mambo ya kazini yamebadilika. Msimu wa mvua uliopita upepo uling'oa bati za stoo, zile ulizokuwa ukisema kila mwaka kwamba zinapiga makofi. Vitabu vyote vya wodi ya wazazi vililowa. Tulivianika uwanjani siku nne, tukaviweka mawe juu, lakini wino ulishakimbia na karatasi zimekuwa uji. Miaka yote ile ya watoto waliozaliwa hospitalini kwetu ikabaki kwenye mikanda yako tu ya kuhifadhia kumbukumbu za kompyuta, ndani ya sanduku la bati, kila mkanda kwenye mfuko wake wa kitenge alioushona Mama Zuhura na namba yake imetariziwa kwa uzi mweupe.

Kisha mwezi wa tatu kompyuta kubwa ya zamani ikafa. Ikaja mpya, nyembamba, haina hata kelele. Nikaiunganisha na draivu yetu ya mikanda, ile mashine nzito ya kuisomea uliyoiita Bibi. Kompyuta ikamtazama Bibi kana kwamba hakuna mtu mlangoni. Nikabadilisha waya, nikazima, nikawasha, nikatukana kidogo (nisamehe), hakuna kitu. Mwishowe nikaelewa: fimwea ya Bibi, ile programu ndogo iliyokaa ndani ya draivu yenyewe na kuifundisha kuongea na kompyuta, ni ya zamani mno. Lazima isasishwe. Na huwezi kuisasisha kupitia kompyuta isiyoiona draivu.

Katibu wetu mpya ni kijana mpole lakini ana haraka. Akasema Bibi aungane na vyuma chakavu nyuma ya jiko. Nilimjibu vibaya. Unaujua mdomo wangu. Nilimwambia kabla hajamtupa Bibi aje kwanza awatazame watu wanaokuja dirishani kwangu kuomba uthibitisho wa kuzaliwa, awaambie yeye mwenyewe kwamba hawakuzaliwa.

Hapo ndipo alipokuja Mariamu. Ni binti kutoka kijiji cha Mgori, amelelewa na bibi yake baada ya mama yake kufariki, na nyumba yao iliwahi kuungua pamoja na kadi yake ya kliniki. Amepata nafasi chuo cha uuguzi. Wanamtaka alete cheti cha kuzaliwa, na ili apate cheti anahitaji karatasi yetu inayosema kwamba ndiyo, alizaliwa hapa. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Alikuja Jumatatu, nikamwambia mashine mbovu. Jumanne akaja tena, akakaa kwenye benchi, viatu vyake vimejaa vumbi la njiani. Nikamuuliza mwaka aliozaliwa. Alipoutaja, niligeuka nikalitazama sanduku la bati.

Mwaka ule uko kwenye mkanda namba tisa.

Mzee, tuyaseme sasa yale ambayo hatukuwahi kuyasema. Ulikuwa mwezi wangu wa pili kazini. Ulikuwa umekwenda msibani Ihanja siku tatu, na mimi nikataka ukirudi unione wa maana. Nilisoma kwamba kuna fimwea mpya ya Bibi, na kwamba inaweza kuandikwa kwenye mkanda mtupu, kisha draivu ikajisasisha yenyewe kwa kuusoma mkanda huo. Nikahitaji mkanda mtupu. Asubuhi ile nilikuwa nimeitoa mikanda kwenye mifuko yake ili nipanguse vumbi, na mmoja ulikuwa pale mezani hauna karatasi wala alama yoyote. Nikadhani ni mpya. Kumbe mikanda yako yote haikuwa na alama. Lebo zilikuwa zikibanduka kwa joto na vumbi la hapa, kwa hiyo ukaamua jina la mkanda likae kwenye mfuko. Mtu mwingine duniani asingeweza kufanya kosa lile, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani aliyeivisha mikanda vitenge.

Kabla sijamsasisha Bibi nikarudisha mikanda mingine mifukoni, na mfuko namba tisa ukabaki mtupu: nilikuwa nimeandika fimwea juu ya watoto wa mwaka mzima. Na kwenye kompyuta hawakuwapo tena, kwa sababu diski ilikuwa ndogo na miaka ya zamani tulikuwa tukiihamishia kwenye mikanda na kuifuta.

Uliporudi nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, mfuko namba tisa mkononi, mtupu. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Ulikaa, ukavua kofia, ukaiweka gotini. Ukanyamaza muda mrefu sana. Halafu ukasema, "Nakala ipo. Andika kwenye daftari ulichofanya, kisha nenda ukanywe chai."

Basi. Nikaandika, nikaenda nikanywa chai, nusu nikaimwaga. Barua yangu ya kuacha kazi hukuisoma. Wala Bibi hukumsasisha; ulisema anafanya kazi vizuri, tumwache na uzee wake. Baada ya muda mfuko namba tisa ukawa na mkanda ndani tena, na mimi sikuuliza. Miaka yote ile, nikifungua sanduku, mkono wangu uliuruka mfuko huo. Ndani ya moyo nilishuku kwamba uliweka mkanda mtupu mle ili tu mimi nilale.

Jumanne ile, Mariamu akiwa kwenye benchi, nililipekua sanduku hadi chini. Chini kabisa, chini ya gazeti, nikakuta mfuko mwekundu ambao sikuwahi kuuona. Hauna namba. Ndani mkanda, na kikaratasi chenye herufi zako kubwa: MKANDA WA SALOME. FIMWEA. USITUPWE.

Nilicheka, Mzee. Nilikaa sakafuni nikacheka hadi Mariamu akachungulia dirishani. Mkanda nilioharibu ndio pekee katika hospitali nzima ulioweza kumsasisha Bibi bila kompyuta. Uliutunza miaka minane na jina langu juu yake.

Lakini kuwa nao ni jambo moja. Unakumbuka ulivyokuwa ukisema kuhusu kusasisha: draivu ikiwa katikati ya kubadilisha fimwea na umeme ukayumba, haiamki tena. Hatuna nyingine. Bibi akifa, mikanda yote inabaki plastiki. Na yupiesi yetu, ile betri ya kushikilia umeme unapokatika, sasa inashika dakika mbili tu, tena kwa kulalamika. Na jirani yetu bado ni yule yule, mashine ya kusaga ya Mzee Jumanne, ambayo ikiwashwa taa zetu zote zinakonyeza.

Nikafanya ulivyofanya wewe siku zote ulipokuwa na kazi nyeti. Sikumpigia simu, maana kwenye ule mngurumo hasikii simu. Nilikwenda mwenyewe Jumatano asubuhi, nikavua viatu mlangoni kwa sababu ya unga, nikatoa shikamoo, nikauliza habari za nyumbani, za mifugo, za alizeti, na mwisho ndipo nikasema shida yangu. Ninaomba nusu saa bila mashine. Alinitazama, nyusi nyeupe kwa unga. Akauliza kama bado tunalo lile dude la Ntandu. Nikasema tunalo. Akazima.

Walikuwepo akina mama kama saba na ndoo zao za mtama. Hakuna aliyenung'unika. Bibi mmoja akauliza nani anapasuliwa hospitalini hata watu wakae kimya hivi, na Mzee Jumanne akamjibu kwamba anayepasuliwa ni mashine, na mgonjwa ni wa marehemu Ntandu. Nasikia walikaa nje wakikuzungumzia muda wote ule.

Niliporudi nilimkuta katibu ameshika mlango ili mtu asiingie. Nilibonyeza kitufe cha mbele na kukishikilia hadi taa ikabadilika. Nikausukuma mkanda wangu ndani. Bibi akaumeza, akanguruma, taa ikaanza kupepesa. Nilikumbuka sauti yako: taa ikipepesa, mikono mgongoni. Nikaiweka mikono mgongoni. Zilipita dakika ambazo nilidhani ni za kawaida, kisha zikapita ambazo hazikuwa za kawaida. Katibu akauliza kama imekwama, tuzime tuwashe. Nilimwambia akigusa kitu nitamuuma. Sijui kama kosa hilo limo kwenye kanuni za utumishi.

Halafu Bibi akautema mkanda. Taa ikatulia. Nikawasha kompyuta, na safari hii ikamwona, kwa jina lake na namba zake zote.

Nikachukua mfuko namba tisa. Sasa sikuwa na pa kukwepea. Nikauweka mkanda ndani, nikaomba orodha ya vilivyomo, nikafumba macho. Nilipofumbua, walikuwapo. Watoto wa mwaka mzima, mstari kwa mstari, jina la mama, kijiji, siku, uzito.

Lakini wote kwa herufi kubwa. Makarani wa zamani hawakuandika hivyo. Hapa hospitalini ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiandika kila kitu kwa herufi kubwa, hata orodha ya sukari na majani ya chai. Nikatazama pembeni, pale mfumo unapoonyesha nani kaingiza na lini. Jina lako. Mistari ilianza Jumatatu baada ya wewe kutoka msibani, na kila siku ilianza baada ya alasiri. Ikaendelea karibu miezi mitatu.

Basi ndiyo maana. Kila siku ukimaliza kuswali alasiri ulinifukuza nyumbani, ukasema wewe unangoja jua lipungue ndipo upande baiskeli. Nami nikakuamini, nikakuona mzee mvivu wa jua. Nakala ilikuwapo kweli, hukunidanganya: ilikuwa vile vitabu vya wodi ya wazazi, vikiwa vizima bado. Ulivichukua kimoja kimoja na kuandika upya mtoto mmoja mmoja kwa vidole viwili, na asubuhi ulinifundisha kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwisho wa orodha kuna nafasi ya maelezo. Umeandika: SABABU YA KUINGIZA UPYA: KOSA LANGU. SIKUBANDIKA LEBO KWENYE MKANDA WENYEWE. R. NTANDU.

Nililia, Mzee. Katibu akadhani tumepoteza kila kitu, maskini, akaenda kuniletea maji.

Mariamu tulimpata. Nilimwita ndani akajione. Aliomba kuligusa jina la mama yake kwenye kioo, nikamwambia aguse tu. Karatasi yake ilipigwa muhuri siku ile ile, na Ijumaa alipiga simu kusema chuo kimepokea. Ameniomba nimwambie asante aliyeandika. Ndiyo sababu ya pili ya barua hii: asante yake hiyo, nimeifikisha.

Yangu ni ndefu zaidi na sijui nianzie wapi. Asante kwa chai ile. Asante kwa kutoifungua ile bahasha ya barua yangu. Ungeweza kunifukuza na kila mtu angesema umefanya sawa. Ungeweza pia kuniambia ukweli nikafanya kazi miaka minane nikiwa mtu wa kuonewa huruma. Ulinipa nafasi ya kuwa fundi kwanza, halafu ukaniachia ukweli kwenye mkanda, mahali ambapo ningeufikia tu nikishajua kazi.

Nimeanza kuhamisha mikanda yote kwenye diski mpya, na nakala nyingine itakaa mbali na bati zile. Bibi haendi kwenye chuma chakavu. Katibu mwenyewe amemtafutia meza. Kila mkanda sasa una lebo mwilini, ya gundi kali, lakini vitenge sijavivua.

Wiki ijayo wanakuja vijana wawili kujifunza kazi. Nakuahidi hivi: siku mmoja wao atakaposimama katikati ya chumba akiwa na kitu alichoharibu mkononi, nitakaa chini, nitanyamaza kidogo, kisha nitamwambia aandike kwenye daftari na aende akanywe chai. Hilo kwa mdomo huu wangu halitakuwa rahisi, lakini nitaliweza.

Na jambo moja nimelifanya bila ruhusa yako. Mfumo unakubali kuongeza maelezo ingawa haukubali kufuta. Chini ya maneno yako nimeandika, kwa herufi zangu ndogo: kosa lilikuwa langu, kazi ilikuwa yake. Salome.

Pumzika, Mzee. Jua limeshapungua, unaweza kwenda nyumbani.

Binti yako wa kazi,
Salome