Dobi Kasema

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Nianze na mgongo wako, maana najua mwenyewe hutautaja. Unaendeleaje? Wifi aliniambia umebandika plasta ya kuchua na bado unainamia beseni kama kijana wa miaka ishirini. Yeye naye hajambo? Na wanangu je, shule inakwenda? Mwambie yule mdogo kwamba shangazi yake hajasahau ahadi ya rangi za kuchorea. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Moyo ndio haujatulia.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kaka, kwenye simu wewe huambiliki. Nikianza jambo la maana unanitania, nikinuna unacheka, mwisho salio linakwisha na jambo liko palepale. Karatasi haina wa kuikatiza. Kwa hiyo weka pasi pembeni, kaa kwenye kile kiti chako kibovu, usome hadi mwisho hata ukikasirika katikati. Na utakasirika.

Kazi yangu unaijua: kuuliza watu, kuwasikiliza, kuandika, na kuwapelekea wakubwa wa kiwanda yale watu waliyosema ili waamue jambo wakilijua. Mama alipoambiwa kuwa ninalipwa kwa kusikiliza alicheka hadi akakohoa. Alisema mtoto aliyemchapa kwa kutega masikio nyuma ya mlango, leo anavaa kitambulisho shingoni kwa kosa lilelile.

Sasa basi, ile sabuni yetu mpya, ndogo, ya karatasi yenye picha ya ua, haiendi. Maduka yanarudisha makatoni yakiwa na vumbi juu. Mkurugenzi wetu anaamini kosa ni kutengeneza sabuni za aina mbili, hiyo ya ua na ile miche mirefu ya zamani, nguvu zinagawanyika. Anataka mtambo wa miche uuzwe, kila kitu kiwekwe kwenye ua. Kikao cha kuamua ni Ijumaa hii, saa nane mchana. Mtambo ukiuzwa, wakataji kumi na mmoja wa chumba cha waya wanafungasha virago.

Hujawahi kukiona chumba kile. Sabuni inatoka mtamboni ndefu kama benchi, bado ina joto, na wanaikata kwa waya uliofungwa vijiti viwili kwenye ncha. Kiongozi wao ni mama mmoja tunayemwita Mama Waya. Hana rula wala alama. Anatazama tu, anashusha mikono, na vipande vyake ukiviweka kwenye mizani havipishani. Miaka ishirini na miwili yuko pale. Huwa ananiwekea kiti karibu na dirisha nikipita, ananipa habari zote za kiwanda kabla hazijatokea.

Mkurugenzi alinituma nikaulize wateja kwa mara ya mwisho kabla ya kikao. Nikabeba fomu zangu, nikagonga milango ya mitaa mitatu. Wapenda sabuni ya ua? Nzuri sana. Ungemshauri jirani? Bila shaka. Mama mmoja alinijibu nzuri sana huku ameshika mche wa buluu wa washindani wetu, povu limempanda hadi viwikoni! Nikaandika nzuri sana. Hata kalamu nadhani iliona aibu.

Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi nikafanya jambo ambalo ofisini hawalifundishi. Fomu nikazifungia kwenye droo. Nikachukua shuka zangu mbili na sare ya kazi, nikaenda kwenye bomba la nyumba moja yenye wapangaji wengi, nikaomba nafasi, nikafua. Sikuuliza kitu. Kwanza walinicheka ninavyosuuza. Walisema nasuuza kama mtu anayeogopa kuyaumiza maji. Ndugu wa dobi huyo, Kaka, umeniaibisha. Kisha wakanizoea, na midomo ikafunguka.

Walisema zamani majirani watatu walikuwa wananunua mche mmoja, wanaukata kwa uzi, kila mtu anachukua kipande chake, na anayekosa leo anakatiwa na mwenzake. Hii ya ua haigawanyiki, ukiikata inapasuka makombo. Walisema inayeyuka ndani ya beseni ukigeuka tu kumwita mtoto. Walisema harufu yake inashika hadi kwenye vikombe, kwa hiyo imekuwa sabuni ya kuwawekea wageni bafuni. Mwisho mmoja akanitazama vizuri, akauliza kama si mimi yule binti wa makaratasi. Nikakubali. Wakacheka hadi wakashikana. Wakaniambia walisifu kwa kunionea huruma: waliniona natoka jasho na fomu zangu, wakadhani wakisema mbaya nitakatwa mshahara. Nani amharibie mtoto wa watu kazi kwa ajili ya sabuni?

Nilicheka nao, kisha nikapiga hesabu. Mwaka mzima nimekuwa nikikusanya huruma za watu, nazipiga mihuri, nazipeleka kwa wakubwa zikiitwa maoni. Huruma hizo zimejaza kabati zima, na kwa kabati hilo watu kumi na mmoja watapoteza kazi.

Nimefua kwenye mabomba matano kwa siku tano. Mikono imenibabuka, lakini nina kurasa kumi na nane za maneno ya kweli. Nikampelekea Mkurugenzi. Alisoma zote, simdharau, ni mama anayesoma. Alipomaliza akasema haya ni maneno ya bombani, na mbele ya kikao hayatasimama, kwa sababu dobi alishasema.

Hapo ndipo unapoingia wewe, Kaka.

Hujui jinsi ulivyo maarufu huku. Kabla sabuni ya ua haijaingia sokoni nilikuletea ya kujaribu, na fomu yako ndiyo fomu namba moja. Yale uliyonijibu, kwamba sabuni hii inafanya shati lisahau uchafu wake, yameandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa chumba cha mikutano: dobi mwenye uzoefu wa miaka kumi na tisa. Imekuwa msemo. Fundi wa mtambo akisema mafuta yamezidi, anajibiwa dobi kasema. Mtu wa mauzo akilalamika, dobi kasema, na mjadala umefungwa. Juzi Mama Waya aliniuliza kama ninamjua huyo dobi. Alisema hana ugomvi naye, anataka tu kumwona amuulize alimkosea nini. Nilimwambia simjui. Nikanywa chai yake, nikaondoka.

Kaka, sasa nakwambia nililolibeba mwaka mzima. Siku ile nilipokuja kuchukua majibu yako, ulitoka kidogo kumpelekea mteja suti yake. Nikainama nyuma ya meza ya pasi kutafuta maji ya kunywa. Nikaiona katoni yetu, nikaifunua. Ndani mlikuwa na sabuni ya buluu ya washindani, umeikata vipande na kukifunga kila kipande kwa karatasi yetu ya ua, nadhifu kama zawadi, ili dada yako akija aone sabuni yake inatumika. Na juu kwenye msumari lilining'inia shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni yetu, kola imekuwa rangi ya chai mahali pasi ilipopita. Ulikuwa umeshajua. Sabuni ile haitoki yote kwenye nguo; inajificha, na moto wa pasi unaifichua. Hakuna mteja wa kawaida angeniambia hilo. Ni dobi tu.

Nikaifunika katoni. Uliporudi nikakuuliza kana kwamba sijaona kitu, ukanijibu kwa ile sentensi yako tamu, nami nikaiandika huku nikitabasamu. Nilikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio kazini, na nilitaka kuajiriwa. Wewe ulisema uongo kwa sababu unanipenda. Mimi nimeuandika nikijua ni uongo, na kusikiliza ndiyo kazi niliyoiapia. Kosa langu ni kubwa kuliko lako, na aibu yake ninaisikia kila ninapopita chini ya ukuta ule.

Jana asubuhi niliingia kwa Mkurugenzi nikamweleza yote. Alifungua fomu namba moja, akaisoma upya. Kisha akasema, bila ukali, kwamba sasa mimi ni mtu mwenye ripoti mbili zinazopingana, na kikao kitauliza ni lini nilikuwa muongo, mwaka jana au leo. Wengine watasema nimeibadilisha ili kuwaokoa marafiki zangu wa chumba cha waya. Akasema pia kwamba Ijumaa huenda nikaingia na kitambulisho, nikatoka bila. Nikamwambia nimekubali, ila naomba nafasi ya kuleta shahidi. Ameniruhusu robo saa.

Kwa hiyo sikuombi ushauri, Kaka, maana nimeshaamua. Nakuomba mikono yako. Dereva wetu anayeleta mzigo huko ndiye aliyekupa barua hii. Ijumaa alfajiri anarudi, na nimemwambia akuwekee kiti cha mbele kwa ajili ya mgongo. Shati jeupe nitalinunua mimi. Beseni lipo, pasi nimeazima. Huna haja ya kutoa hotuba wala mzaha. Fua shati lile mbele yao kwa sabuni ya ua, lianike kidogo dirishani, ulipige pasi likiwa na unyevu kama ulivyonifundisha, kisha uwape kola waisome wenyewe. Wakikuuliza kwa nini mwaka jana ulisema vile, waambie ukweli: ulimwonea mdogo wako huruma.

Hata wakinifukuza, watakuwa wameamua wakijua. Na ukitoka pale nitakupeleka chumba cha waya, ukasalimiane na Mama Waya. Huyo nitamwambia mimi mwenyewe dobi ni nani, na kwamba nilimdanganya.

Nisalimie sana wifi, mwambie aniwie radhi kwa kukuchukua siku ya kazi. Wabusu wanangu. Ukienda kwa mama usimweleze chochote kwanza. Jumamosi nitakuja nimwambie kwa kinywa changu, nikiwa na kazi au bila.

Na ile katoni iliyo nyuma ya meza ya pasi, njoo nayo. Ila safari hii kila sabuni ivae karatasi yake yenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Masikio