Pingamizi Nililoliruka Barazani

Marwa, rafiki yangu,

Mara mbili nimekuja mpaka kwenye zizi lako, nikashindwa kulifikia kaburi. Acha niandike.

Siku ile ya baraza kijijini Nyansurura, Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alikuja kutueleza sheria iliyopendekezwa: atakayesema maneno ya kuwafanya watu waichukie serikali atafungwa. Akaongeza kwamba haijapitishwa, mwenye pingamizi alilete kabla mwezi haujaisha. Mkalimani nilikuwa mimi. Asubuhi karani mkuu alikuwa amenionya nisiwaamshe watu. Basi hilo la pingamizi nililiruka.

Wewe, usiyejua Kiswahili, ulisimama ukauliza kwa Kikurya, "Nikisema kulazimishwa kuuza ng'ombe kunatuumiza, nalo ni kosa?"

Nikamwambia Bwana Shauri unauliza sheria itaanza lini. Akajibu itatangazwa. Nami nikakugeukia: "Anasema hapana, wewe sema tu." Nilitaka baraza liishe salama. Ukakaa, umeridhika. Hakuna aliyepinga.

Sheria ikapita. Ulisema mnadani yale yale uliyouliza, wakakukamata. Hukumu yako niliitafsiri mimi, miezi sita, na sauti yangu haikutetemeka. Ulirudi na kifua kibovu. Nilipokuja kukuona ulisema, "Labda siku ile sikukusikia vizuri."

Pale ningeweza kusema, Marwa. Nilitikisa kichwa kukubali. Nikanywa uji wa mkeo, nikaondoka. Wiki ile ile tukakuzika.

Sasa limeletwa pendekezo jingine: kila mkutano uwe na kibali. Juzi barazani nilitafsiri yote, na habari ya pingamizi nikairudia mara mbili. Kisha nikawaeleza nilichokufanyia. Bhoke, mkeo, alikuwa amekaa mbele. Hakunilaani. Alisimama, akaondoka bila kuniangalia, na laiti angenilaani. Tuliobaki tuliandika pingamizi, wazee wakaweka dole gumba. Kama litasikilizwa sijui. Kazi wameninyang'anya jioni hiyo hiyo, na sikuona uchungu.

Sikuombi msamaha, huwezi kunijibu, na hilo lingekuwa rahisi mno kwangu. Kesho nitakwenda kwa Bhoke. Asiponipokea, nitarudi keshokutwa. Akikubali, nitawafundisha wanao Kiswahili, kusoma na kuandika, mpaka wamsikie mkubwa yeyote kwa masikio yao wenyewe, wamjibu kwa vinywa vyao. Nakuahidi hilo.

Pumzika, ndugu yangu.

Mwita