Walimnyang'anya Umwiza magongo

Jumapili, tarehe 9 Machi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu.

Olga, nimechefuka!

Umwiza alikuja kanisani kutoa ushuhuda wa medali yake ya kuogelea, aliyoishinda Mbarara kwa mguu mmoja. Mchungaji mgeni hakuitazama hata. Akamnyang'anya magongo! "Tembea kwa imani!"

Akaanguka. Na watu wakasema Amina! Amina, Olga, dada wa watu yuko sakafuni!

Shule ya jioni haijanifundisha neno la uchafu huu. Mimi ninayeomba kila alfajiri nilishindwa kufumba macho niombe.

Mchungaji naye eti: "Imani yako ni kidogo. Usirudi kwenye maji mpaka upone."

Umwiza akajibu palepale chini, kwa Kiswahili cha kwao: "Pasta, mimi siko mugonjwa. Mwezi ujao nitaogelea tena Mbarara, na ninyi bote muko bashahidi."