Mishale Yote Kwa Mama

Dada yangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Anwani nimeitoa kwenye bahasha yako, kabatini kwa Mama.

Kazi yangu ni ileile ambayo Mama alisema unaicheka: nachora idara za kampuni kama visanduku, halafu mishale ya nani anampa nani taarifa. Juzi nimegundua watu wa ghala na watu wa magari hawasemezani kabisa. Kila kitu kinapitia kwa karani mmoja. Nikamwambia bosi, "Huyu mama akiugua, mmekwisha." Akacheka. "Huyo? Huyo ni chuma."

Jana nikatuchora sisi. Wewe huko, mimi hapa, Kaka kwake. Mishale yote ikaenda kwa Mama. Kati yetu, hakuna hata mmoja. Harusi yako, mwanao, yote alinisimulia yeye.

Ndiyo maana tumemzika bila wewe, dada. Mimi nilidhani Kaka amekupigia, Kaka akadhani mimi. Kumbe namba yako hatuna, na simu ya Mama imejifunga. Neno la siri alilijua mwenyewe.

Nilipotaka kuikunja karatasi hii nikajiuliza utaipokeaje. Nikajisemea, bila hata kufikiri: Mama ataniambia.

Mdogo wako