Pua Yangu, Magoti ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Aibu gani hii! Glasi sita mezani, na zote sita nimesema mnanaa. Mvinyo mweupe — mnanaa. Mwekundu uliolala miaka kwenye pipa — mnanaa. Wenzangu wanatazama dari. Mwalimu wetu wa mvinyo hapo hotelini, tunayemwita Bwana Pua, kanusa mkono wa shati langu, kasema: kikulacho ki nguoni mwako, dada. Nani kwenu anajichua kwa dawa?

Mama mkwe, nani mwingine. Dawa yake ya magoti, ile ya kwenye mkebe, mnanaa na kafuri tupu. Asubuhi na jioni. Mapazia yananukia hivyo, mito, hata mkate. Nimeizoea mpaka siisikii tena.

Kwenye mtihani, kasema Bwana Pua, mwenye harufu anaweza kutolewa nje, maana anawaharibia wote. Na mtihani ni mara moja kwa mwaka. Nikifaulu, mvinyo wa hoteli nzima uko chini yangu. Nikianguka, narudi kubeba sahani.

Nimempigia mume wangu huko mbali kwenye kazi yake. Namwambiaje Mama? Kacheka huyo! Eti yeye anampenda mama yake, na mimi ananipenda, tusimgombanishe. Mwanaume bure kabisa.

Mama simwambii. Mzazi unamwambiaje kwamba dawa yake inanuka?

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi na Mama. Pombe haijawahi kupita kooni mwake, lakini mtihani huu kaubeba kuliko mimi. Jirani kamuuliza mkwe wako anasomea nini. Kuonja mvinyo na kutema, kajibu. Jirani: na kutema nako kunasomewa? Mama: wewe umewahi kuona mtu anatema kwa heshima?

Kanifunga kitambaa machoni, kapanga vikombe. Karafuu — nimepata. Ganda la limau — nimepata. Udongo uliolowa, vumbi la penseli. Cha mwisho nikakinusa sana, nikatangaza kwa kujiamini: ngozi ya zamani, uyoga, jibini kwa mbali. Kumbe soksi ya mume wangu! Mama kacheka mpaka machozi.

Nampenda huyu mwanamke, basi tu.

Jumatano, 12 Machi

Pua imerudi! Glasi tano kati ya sita. Na ule mvinyo ulioharibiwa na kizibo nimeukamata kabla hata ya kuonja — harufu ya kadibodi iliyolowa. Bwana Pua kanipigia makofi, yeye ambaye hata salamu anaitoa kwa kipimo.

Jioni tumefanya huduma ya mezani. Kinachozunguka ni kizibuo, chupa imetulia, lebo inamtazama mteja. Mteja ni Mama. Mteja mkorofi! Kairudisha chupa mara mbili, na ndani ni maji ya bomba. Nikauliza kasoro ni nini. Kasema sura yangu.

Jumapili, 16 Machi

Mama hakwenda kwenye kikundi chake cha akina mama. Nimemwona akienda chooni kashika ukuta. Uzee, kasema, uzee hauna likizo. Kisha kanigeuzia mgongo. Nimemuudhi nini?

Jumatano, 19 Machi

Nimelia leo.

Nilikwenda nyuma ya nyumba kutafuta ndoo. Nikaukuta mkebe wa dawa, umefungwa kwenye mifuko ya plastiki mmoja juu ya mwingine, na juu yake tofali. Nikaupeleka ndani. Mama, hiki nini? Kautazama kama hajawahi kuuona maishani.

Nikambana mpaka akasema: mume wangu kamwambia! Siku ile ile niliyompigia. Kumbe ndiyo maana pua imerudi. Si bidii yangu. Ni magoti ya Mama.

Nikamwambia jipake sasa hivi, Mama, mimi nitalala kwa dada. Aka! Ukilala kwa dada nani atanusa vikombe vyangu? Nikasema basi akajipakie kwa jirani. Kwa jirani nitafikaje, kasema, kwa magoti yapi? Hapo tukacheka wote wawili, mimi huku nalia. Magoti yangu yamezoea shida, mwanangu, wewe mtihani wako ni mmoja. Ukishafaulu nitajipaka mpaka kwenye nyusi.

Kichwa ngumu. Siku tatu tu, kasema. Nikakubali. Naandika hili na sijipendi hata kidogo.

Jumamosi, 22 Machi

Niko kwenye korido, nje ya chumba cha mtihani.

Alfajiri nilisikia kishindo. Mama sakafuni jikoni, kaamka kunichemshia maji ya kuoga, magoti yamekataa. Nimembeba mpaka kitandani. Nenda, nenda, utachelewa! Nikachukua mkebe. Usiguse! Kaufunika kwa mikono miwili, tukanyang'anyana kama watoto. Nikashinda. Nimemchua. Magoti yamevimba, ya moto. Kalia — kwa hasira, kasema, si kwa maumivu. Halafu baada ya muda: juu kidogo. Hapo hapo. Bonyeza.

Glovu? Sikuzikumbuka. Nani anakumbuka glovu mama yake akiwa sakafuni?

Nimenawa kwa sabuni, kwa limau, kwa unga wa kahawa. Wapi! Jirani yangu wa kiti kahamia kiti cha pili, kisha cha tatu. Msimamizi katoka, kanusa hewa, kauliza nani kajipaka dawa. Nikanyoosha mkono. Kaniambia nisiingie kwanza, anakwenda kumuuliza mkuu wa mtihani. Wenzangu wote wameshaingia. Nasikia glasi zinapangwa.

Mama kapiga simu. Umeshaonja? Bado, Mama, kuna foleni. Magoti je? Yametulia, mwanangu, nimefika jikoni mwenyewe, chai ninayo hapa. Halafu kanikumbusha: usimeze. Nimefurahi mno kusikia neno jikoni.

Mlango unafunguka. Msimamizi, na nyuma yake mkuu wa mtihani, mama mmoja mrefu, pua mbele. Wanakuja huku. Mikono siifichi.